Ndiyo, Mjomba

“Pokea, baba. Mjomba wake anataka akusikie mwenyewe.”

Mama wa binti alimnyooshea simu huku akitabasamu, na Kofia akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Angefanyaje? Amekaa sebuleni kwa watu, shati limepigwa pasi, amekuja kumposa binti yao. Mjomba ndiye mkubwa wa ukoo. Miguu inamsumbua, hasafiri tena, na alishasema wazi kwamba hatoi baraka kwa mtu ambaye hajazungumza naye. Simu ya mjomba haikataliwi. Basi Kofia akasimama, akaibandika kwenye sikio la kulia, juu ya ile kofia ya sufu iliyompa jina, ambayo pamoja na joto lote lile hakuivua.

“Shikamoo, mjomba.”

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Drrr-ti-ti-ti, drrr-ti-ti-ti, drrrrr. Ungedhani nyuki wamehamia kichwani mwake. Nyuma ya kelele hizo alikuwepo mtu anaongea, hilo alilijua, kwa sababu kulikuwa na mngurumo unapanda na kushuka. Maneno hakusikia hata moja.

Sasa nikuibie siri ambayo sebule ile haikuijua. Chini ya kofia, nyuma ya sikio, Kofia alikuwa amevaa kifaa cha kusaidia kusikia. Miaka kumi na mbili ya msumeno wa umeme na mashine ya randa kwenye karakana ya useremala ilikuwa imeyala masikio yake kidogo kidogo. Ana kwa ana hakuwa na tabu: kifaa kilisaidia, macho yakasoma midomo, siku ikapita. Simu ndiyo ilikuwa adui yake: sikio la kushoto lilishakufa, na la kulia bila kifaa halisikii simu. Ikisogea tu karibu na sikio, kile kifaa kinachachamaa na kunguruma mpaka meno yanauma. Na Kofia, kama wengi wasiosikia vizuri na wasiotaka ijulikane, alikuwa na dawa yake ya siku nyingi. Mngurumo ukikatika, ujue umeulizwa kitu. Ukiulizwa kitu, sema ndiyo.

“Ndiyo, mjomba,” akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kijana ana heshima.

“Ndiyo, mjomba.”

Kwenye kochi la pembeni, binti mwenyewe alikuwa ameuma kidole ili asicheke kwa furaha.

“Ndiyo kabisa. Nashukuru sana, mjomba.”

Akarudisha simu, akakaa, akajipangusa jasho. Alidhani amepona. Mama akaiweka simu sikioni mwake, na Kofia akaona lile tabasamu likisimama, kisha likiondoka. Mama akasikiliza kwa muda mrefu. Alipomaliza, aliilaza simu mezani kifudifudi.

“Kaka anasema amemuuliza kama ana mke mwingine,” alisema taratibu, akimtazama binti yake na si mgeni. “Akasema ndiyo. Akamuuliza kama ana watoto. Akasema ndiyo. Akamuuliza wangapi.”

“Akasema?” binti akauliza.

“Akasema ndiyo kabisa, na akashukuru.”

Jamani, kuna kimya ambacho hata mtu asiyesikia anakisikia. Kofia alisimama, akaapa kwamba hana mke, hana mtoto, hajawahi kuwa na mchumba mwingine. Mama hakumpandishia sauti. Alimuuliza tu, kama kwa kaka yake amesema ndiyo na kwake yeye anasema hapana, yeye amwamini nani, kaka aliyemlea au mtu aliyemjua juzi? Kisha akaanza kukusanya vikombe, na mgeni akielewa maana ya vikombe kukusanywa, haambiwi mara mbili.

Binti alimfuata mpaka getini. Huyu binti kila mtu alimwita Sauti, kwa sababu ndiye aliyekuwa mpokea simu wa hospitali kubwa ya mji ule, na hakuna aliyewahi kupiga simu hospitalini akamsahau. Wagonjwa walimsifia. Kuna mzee mmoja alikuwa akipiga kila Jumatatu kuuliza kama daktari wa macho yupo, na macho hayamsumbui.

“Niambie,” Sauti alisema.

“Mtandao ulikuwa mbaya.”

“Mtandao.” Alilirudia lile neno kana kwamba analipima. “Kofia, miaka saba nakula kwa kazi ya simu. Mtandao mbaya unakatakata. Mjomba anasema alikuwa anakusikia kama uko chumbani kwake.”

Neno lilikuwa limemfika kwenye ulimi. Sema, ewe mwanaume, sema! Sentensi moja tu ingemaliza kesi. Lakini wapi. Kofia aliangalia viatu vyake, na alipoinua macho, Sauti alikuwa ameshafunga geti.

Usimhukumu upesi. Kofia alikuwa na baba, na baba yake naye alikuwa seremala, na masikio yake yalikwenda mapema. Hakuna aliyemtukana. Watu walichoka tu. Mwanzoni wakiongea jambo na yeye akauliza “Nini?”, walirudia. Baadaye wakawa wanasema “Basi, si muhimu.” Mwishoni hawakusema chochote, na mzee akawa anakaa sebuleni kwake mwenyewe katikati ya maongezi ya watoto wake, anacheka wakicheka, hajui kinachochekesha. Hata mkewe alikuja kuchoka. Kofia aliyaona hayo tangu utotoni, akaapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayechoka kumrudia yeye, kwa sababu yeye hataomba kurudiwa.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo ndilo lililomfunga mdomo.

Walikutana pale pale hospitalini, Kofia alipokwenda kutengeneza kaunta mpya ya chumba cha simu. Alikuwa amepiga magoti anapima, kichwa kiko jirani na simu ya mkononi ya Sauti iliyolala juu ya meza, mara kifaa kikaanza: drrr-ti-ti-ti. Alishajua maana yake. Simu, kabla haijaita, huzungumza kwanza na mnara, na kile kifaa chake cha kizamani kilikuwa kinayanasa mazungumzo hayo. Bila kufikiri akasema, “Unapigiwa.” Sekunde mbili baadaye simu ikaita. Sauti akashika kifua.

“Umejuaje?”

Hapo mwanaume mwenye akili angesema ukweli. Kofia alimtazama yule dada, alivyokuwa amefumbua macho, akasema, “Moyo umeniambia tu.”

Ikawa ndiyo hadithi yao. Wakikaa pamoja, simu ya Sauti ikiwa kwenye mkoba, Kofia anasema “Unapigiwa,” na kweli inaita. Sauti aliwasimulia wauguzi, akamsimulia mama yake, akamsimulia mganga mkuu kwenye kikao. Huyu mtu, alisema, moyo wake na wangu ni waya mmoja. Alipomuuliza kwa nini basi hapendi kuongea naye kwa simu, Kofia alimjibu kwamba sauti kama ile hailiwi kwa mbali, inataka ana kwa ana. Sauti akalegea. Wakawa wanaandikiana meseji. Na ili siri isije kuvuja, Kofia aliapa kutokanyaga tena kliniki ya masikio, kwa kuwa ilikuwa humo humo hospitalini, mwisho wa korido ya chumba cha simu.

Sasa angeanzaje kusema? Kusema “sikusikia” ni kusema pia “na moyo wangu haukuniambia kitu.”

Siku ya pili meseji iliingia akiwa anapiga msasa mlango.

“Mjomba kasema ndoa hakuna. Mama kakubaliana naye. Mimi bado. Nipigie simu leo saa kumi nikitoka kazini uniambie kwa mdomo wako kama una mke au huna. Meseji sitaki, kuandika kila mtu anaweza. Usipopiga nitajua.”

Kofia aliisoma mara tano. Ya nini Sauti amwombe kitu kimoja tu duniani, na kiwe hicho hicho?

Saa kumi alijifungia stoo ya mbao, akasimama kati ya marundo, akapiga. Kelele zikaja kama kawaida. Akahesabu mpaka kumi, akakadiria kwamba ameshapokea, akaanza kusema. Alisema hana mke. Alisema hana mtoto. Alisema anampenda, na kwamba tangu jana hajala kitu kikashuka. Alisema vizuri, nakwambia, hakuwahi kusema vizuri namna ile. Halafu akanyamaza amsikie. Mngurumo ukapanda, ukashuka, ukakatika. Mngurumo ukikatika, maana yake umeulizwa.

Na mazoea yana taabu.

“Ndiyo,” akasema.

Ukapanda tena, ukakatika tena.

“Ndiyo, mpenzi.”

Kisha hata kelele zikaisha. Simu ilikuwa imekatwa. Alikaa juu ya mbao akiitazama, na baada ya dakika chache meseji ikaingia.

“Nimekuuliza kama unataka tuachane. Umesema ndiyo. Nikashangaa, nikakuuliza leo nimevaa nguo ya rangi gani. Ukasema ndiyo, mpenzi. Kofia, una nini? Mjomba alikuuliza watoto wangapi ukajibu ndiyo. Sijalala kwa ajili ya jibu hilo. Mwongo hujibu vizuri kuliko hivyo. Kesho niko kazini tangu asubuhi. Unajua nilipo.”

Alitaka kujibu. Aliandika “Kuna jambo,” akafuta. Aliandika “Nisamehe,” akafuta. Mwisho aliirudisha simu mfukoni, akaenda kumwomba mzee wa karakana ruhusa ya kesho. Mzee akamuuliza anakwenda wapi. Kofia akajibu, anakwenda hospitali, kutibiwa ujinga. Mzee akasema basi asikae sana kwenye foleni, maana ni ndefu.

Asubuhi aliingia kwa mlango mkubwa. Chumba cha simu kilikuwa upande wa kushoto, na kaunta ile ile aliyoitengeneza kwa mikono yake ilikuwa inang'aa dirishani. Nyuma yake alikaa Sauti, kavaa vile visikilizio vyenye kipaza sauti mdomoni, macho mekundu. Alimwona, akainua kidole: subiri, nina mtu. Kofia akasubiri. Aliiona midomo ikimwelekeza mgonjwa wapi pa kwenda na vyeti gani abebe, kwa upole, kana kwamba hana shida yoyote duniani. Alipomaliza, aliteremsha visikilizio shingoni.

Kofia akavua kofia.

Aligeuza tu kichwa, akamwonyesha. Nyuma ya sikio la kulia kilining'inia kile kidude, plastiki imegeuka manjano kwa jasho na vumbi la mbao, na mrija wake mwembamba ukiingia sikioni. Nywele mahali pale zilikuwa zimelala kwa kubanwa. Sauti alikitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena.

“Tangu lini?”

“Mwaka wa tatu.”

“Na kwenye simu?”

“Kwenye simu nasikia kelele tupu. Inanguruma. Wewe sijawahi kukusikia kwenye simu hata siku moja. Mjomba sikumsikia. Jana sikukusikia. Nilisema ndiyo kwa sababu nasemaga ndiyo.”

Sauti alifumba macho. Kofia akadhani anaelekea kusamehewa, maskini, lakini mwanamke mwenye akili huhesabu hatua zote.

“Na lile la moyo wako?”

Kofia akakigusa kifaa.

“Simu yako ikikaribia kuita, hiki kinanguruma. Ndivyo nilivyokuwa najua.”

“Kwa hiyo moyo haukuwepo.”

“Moyo ulikuwepo. Ila aliyekuwa anajua simu ni hiki.”

“Nimemwambia mganga mkuu, Kofia. Kwenye kikao.” Alisema hivyo, na kama ni kwa hasira au kwa kicheko hata yeye hakujua. “Watu wa maabara wananiita waya mmoja. Kwa nini hukuniambia?”

Basi akamwambia. Pale pale dirishani, huku watu wakipita na mafaili, alimwambia habari za baba yake, alivyokuwa akicheka wakicheka. Alimwambia kwamba alimpenda tangu siku ya kaunta na aliogopa siku atakayomuuliza “Nini?” na yeye amjibu “Basi, si muhimu.” Alisema yote bila kumung'unya. Simu iliita mara mbili, na Sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, akaiacha iite.

“Umeniamulia,” alisema mwishowe. “Hukuniuliza kama nitachoka. Umekaa na wewe mwenyewe, umeniamulia kwamba nitachoka, ukanihukumu. Unajua kazi yangu ni nini? Kutwa nzima nawarudia watu. Chumba namba nane. Nane, mama. Si tisa, nane. Kuna mtu jana nimemrudia mara kumi na moja. Na yule simpendi.”

Kofia akaizungusha kofia mikononi.

“Bado nimekasirika,” Sauti alisema, akivaa tena visikilizio. “Ila niko kazini, siwezi kukasirika vizuri. Kaa pale kwenye benchi.” Akabonyeza namba. “Kliniki ya masikio? Nina mtu wenu hapa aliyepotea. Ndiyo, kofia ya sufu. Nawaletea.”

Mtaalamu wa masikio alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwenye kamba, na alimtambua kabla hajakaa. Wewe, alimwambia, ndiye yule aliyesaini karatasi akachukua kifaa akakimbia, hakusubiri hata kuelekezwa. Kofia akakiri. Siku ile korido ilikuwa imejaa watu, na aliona kila mtu anamtazama.

Mama yule alikitoa kifaa, akakipuliza vumbi, akamwonyesha kitu kidogo mgongoni mwa kifaa, kidogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa ni swichi. Miaka mitatu Kofia amelala nacho na kuamka nacho, hajui kama kina swichi.

“Sikiliza nikueleze mara moja, na usiposikia, uniambie hukusikia,” alisema, akikirudisha sikioni mwa Kofia. “Simu ikiongea na mnara, inatoa mawimbi ya redio. Sisi wengine hatuyasikii. Kifaa chako kinayadaka na kuyageuza kelele. Simu nyingine zinatoa mengi, nyingine machache, na vifaa vingine vimekingwa vizuri kuliko hiki chako. Sasa ukigeuza swichi hii, kipaza sauti cha kifaa kinazimika, na kifaa kinaisikiliza simu peke yake moja kwa moja kwa sumaku. Dunia yote inanyamaza, unabaki na anayekupigia. Ila lazima iwe simu inayopatana nacho. Ni kama ndoa. Wawili wazima kabisa, kila mmoja kwao hana tatizo, ukiwaweka pamoja, kelele.”

Kofia alikuwa na hamu ya kujua kama mama huyo ameambiwa kitu, lakini uso wake ulikuwa mkavu.

Alivuta droo. Ndani kulikuwa na simu saba za kila aina, za kujaribia. Simu, alisema, inajaribiwa sikioni kama kiatu kinavyojaribiwa mguuni, na mtu akinunua kwa kuangalia urembo, asije kumlilia. Akaweka laini ya Kofia kwenye ya kwanza, akainua simu ya mezani, akamwambia mtu wa chumba cha simu kwamba wako tayari. Ya kwanza ikanguruma. Ya pili ikanguruma kidogo, lakini ikanguruma. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kukunja, wala haikuwa na sura ya maana. Kofia aliifungua, akageuza swichi.

Kila kitu kikanyamaza. Feni ikanyamaza, korido ikanyamaza, na yule mama akawa anachezesha midomo bila sauti. Kisha, karibu kabisa, kana kwamba mtu amekaa ndani ya sikio lake:

“Hospitali hapa, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?”

Kofia alishika ukingo wa meza. Kwa mwaka mzima alikuwa anamsikia akiwa na feni, na magari, na watu, na msumeno kwa mbali, sauti imechanganyika kama chai iliyomwagikiwa maji. Hakujua kwamba ina mkwaruzo kidogo mwanzoni. Hakujua kwamba mwisho wa “asubuhi” kuna kitu kinachofanana na kicheko. Kila mgonjwa wa mji ule alikijua hicho. Mzee wa Jumatatu alikijua. Yeye peke yake, mchumba, ndiye hakukijua.

“Haloo?” Sauti aliita. “Kofia, unanisikia?”

“Ndiyo,” akasema.

Neno hilo Sauti alishalisikia.

“Nguo yangu ina rangi gani?”

“Bluu. Ina vifungo vyeupe. Cha tatu kimelegea.”

Ng'ambo ya pili, mita thelathini kutoka pale, mpokea simu wa hospitali alilia kazini, na mtu aliyekuwa anasubiri kwenye laini nyingine akasubiri sana siku hiyo.

Jumamosi walirudi sebuleni. Safari hii Kofia aliingia kichwa wazi, kifaa nje, na kabla hajakaa alimweleza mama kila kitu, pamoja na la moyo, kwa kuwa Sauti alikuwa amesema kama hatalisema hilo yeye atalisema kwa sauti kubwa. Mama alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Akamuuliza kama kuna jingine amelificha. Kofia akasema hana, ila kochi analokalia mama lina mguu mmoja uliolegea, na alikuwa anaona aibu kulisema. Mama akainuka, akautikisa, akakubali. Kisha yeye mwenyewe akampigia kaka yake, kwa simu ndogo ya kukunja kama ile ya kliniki, ambayo Kofia alikuwa amenunua.

Kofia akasimama, akaipokea, akageuza swichi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.” Sauti ya mzee ilikuwa nzito na ya kupayuka. Nayo ndiyo mara ya kwanza wanakutana, ukitaka kusema kweli. “Nimeambiwa siku ile hukunisikia.”

“Sikukusikia, mjomba. Nilidanganya. Nisamehe.”

“Tutaona. Una mke mwingine?”

“Sina.”

“Utamnyanyasa mwanangu?”

“Hapana, mjomba.”

“Ukikosea utaomba radhi?”

“Ndiyo.”

“Wewe ni mlevi?”

“Hapana.”

Mzee alikuwa anachanganya makusudi, hili swali la ndiyo, hili la hapana, kama mtu anayevusha mbuzi na kuwahesabu. Kofia alivuka nao wote. Kisha ng'ambo ya pili mlango ukagongwa, mtu akaingia kwa mjomba akiongea, na swali lililofuata likafunikwa lote. Mzee akanyamaza, anasubiri.

Ile “ndiyo” ilikuwa imeshafika mdomoni mwa Kofia. Ilikuja yenyewe, kama ilivyokuja maisha yake yote. Mama alikuwa anamtazama. Ukoo mzima ulikuwa unamsubiri upande wa pili, na sebule hii hii ndiyo iliyokusanya vikombe juzi. Sema ndiyo, yaishe.

“Mjomba,” alisema. “Sijasikia. Naomba urudie.”

Kofia akaona mkono wa Sauti umeshika mto wa kochi kwa nguvu.

“Ehee,” mjomba alisema. “Hilo sasa ni jibu la mtu mzima. Nilikuuliza, siku mwanangu akikwambia jambo na usielewe, utafanyaje? Naona umeshanijibu. Mpe mama yako simu.”

Kofia hakuona mara moja kwamba mzee amesema mama yako. Sauti aliliona usoni mwa mama yake, aliyekuwa amepokea simu na ameanza kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Waliongea mambo ya tarehe. Halafu mama akacheka, akaziba simu kwa kiganja.

“Anauliza hicho kidude kinapatikana wapi. Anasema si kwamba ana shida, ila watu wa siku hizi wanaongea chini chini sana.”

Harusi ikapangwa mwezi unaofuata. Mtaalamu wa masikio aliwekwa kwenye orodha ya wageni wa mbele, na watu wa maabara walichanga zawadi moja, wakaifunga kwa waya. Sauti alisema hataisahau dharau hiyo, akaitundika ukutani.

Siku mbili kabla ya harusi, Kofia alikuwa karakanani akipiga randa kwa mkono, anamalizia kitanda chao, mashine zote zinanguruma pembeni. Simu ya kukunja ikatetemeka mfukoni. Haikutoa onyo lolote. Siku hizi hakuna kinachomwambia mapema, hushtuka kama watu wengine. Aliifungua, akageuza swichi, na misumeno yote ikanyamaza kwa pamoja.

“Ni mimi,” Sauti alisema. “Sina shida yoyote. Nimetaka tu nikwambie nakupenda.”

Alilisikia lote, mkwaruzo wa mwanzo na kicheko cha mwisho. Hakuna hata herufi moja iliyompotea. Kofia akaweka randa chini, akakaa juu ya ubao wa kitanda, akaegemea.

“Sijasikia vizuri,” alisema. “Hebu rudia.”

“Mwongo wewe.”

Na akarudia.